Taa ya Hodi

Jumatatu, tarehe nane Juni, saa moja asubuhi, mke wangu alifariki. Alikuwa fundi redio. Mezani aliacha kitu alichokuwa akiniundia, kwa kuwa masikio yangu yamedhoofika: taa ndogo ya kuwaka mtu akigonga mlango. Alimaliza kuunganisha, hakuwahi kuiwasha. Nami sikuthubutu. Alinifunza kwamba chombo ulichokiunda mwenyewe hukipi betri kabla ya kukipima. Penye kosa kitaungua, na hiki kilikuwa kazi ya mwisho ya mikono yake. Mita yake ya kupimia umeme kioo kimekufa, umebaki mlio tu, na mlio ule mwembamba mimi siusikii. Ndipo nikabeba mita na bodi, kibao chenye nyaya za ile taa, hadi kijiweni, kwenye benchi la muuza kahawa, wenzangu wanisikilizie. Walikuwapo Injinia, anayeuza mitumba, na Wakili, kinyozi asiyekubali kushindwa hoja.

– Nagusa chanya na hasi, nikawaambia. Ikilia, inueni mkono.

Wote wawili wakainua.

– Imeitika, mzee! Injinia akanipazia sauti usoni. Tia betri!

– Hapana. Hapa ikilia, njia mbili zimegusana. Nikitia betri inaungua.

– Basi ni umeme wa zamani umeganda humo ndani. Itikise umwagike.

– Umwagike wapi? akauliza muuza kahawa. Kwenye birika langu?

– Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, akasema Wakili. Kwa hiyo washa upesi tujue moja.

– Wewe methali unazinyoa kama vichwa vyetu, Injinia akamwambia. Kila moja inatoka na mabaka.

Wakili hakucheka. Akanigeukia, nimwone midomo.

– Mzee, huenda ni shemeji anakuitikia.

Wote benchini wakainamisha vichwa. Nikamjibu polepole:

– Marehemu yuko kwa Mola wake, mwanangu. Hakai kwenye waya.

Nikaisogeza bodi kwenye jua. Nikauona: uzi wa risasi ya kuchomelea, mwembamba kama unywele, umeruka kutoka nukta moja hadi ya pili. Siku zake za mwisho mkono wa mke wangu ulikuwa umeanza kutetemeka. Nikaukwangua kwa sindano, taratibu, na kusema kweli sikutaka kuutoa.

Nikapima tena, macho yangu kwenye mikono yao. Ilitulia magotini.

– Kimya, akasema Injinia. Kimya kabisa.

Nikasema bismillahi, nikatia betri. Hapakutoka moshi. Nikagonga benchi kwa kifundo cha kidole, taa ikawaka.

Wakapiga makofi. Wakili akadai kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Mpangaji mpya wa mtaa ule, mwanamke aliyekuwa amesimama akingoja kahawa yake, akainama kuitazama.

– Nzuri sana, baba. Na huwa anakuja nani kwako?

Injinia akatazama kikombe chake. Wakili naye akatazama chake. Tangu tulipotoka makaburini, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika kwangu.

Nikachomoa betri isije ikaisha bure. Nikaifunga bodi kwenye kitambaa, nikawaaga.

Ee Mola, mrehemu mke wangu. Mpanulie kaburi lake. Msamehe alipokosea, na mikono ile iliyotetemeka kwa ajili yangu uipumzishe. Amina.