Tini Nilizodhani ni Shada la Miungu

Asifiwe Bwana, asiyeona haya kushughulika hata na matumbo yetu! Kinamama wa nyuma mmeanza kucheka. Chekeni, lakini mnisikilize.

Ndugu zangu, mimi ni Mama Elia, wa duka la maharage hapa Kariakoo. Nilipotoka Kilimanjaro kumfuata mume wangu, nilianza kufunga choo. Kule nyumbani nilikula ndizi na mboga. Huku dukani ilikuwa mhogo wa kuchoma na chai ya rangi, basi. Maji nilikunywa kidogo sana, kwa sababu choo kilikuwa uani, cha nyumba nzima, na niliona aibu kwenda mara kwa mara. Tumbo likajaa, nikapata na bawasiri. Nilikunywa chumvi ya haluli, nilikunywa mafuta ya mbarika. Nafunguka leo, kesho nimefunga tena. Kukaa kwenye benchi la kanisa ilikuwa adhabu! Kuinua debe la maharage sikuweza kabisa.

Mume wangu akaamua nirudi kwa mama yake mpaka nipone, akaniombea nafasi kwenye lori la Moshi. Nawajua wake waliorudishwa hivyo. Wengine hawajaitwa mpaka leo. Nililia, nikamwomba Mungu anibakize kwenye nyumba yangu.

Siku hizo jirani yetu Mama Kanta, Mhindu wa duka la viungo, aliniletea tini kavu zilizotungwa kwenye ugwe, mduara kama shada. Nikakumbuka mashada wanayovalisha miungu yao. Mimi mtu wa kanisa nile kilichotolewa kwa sanamu? Hata! Nikazisukuma nyuma ya magunia.

Siku ya kufunga mizigo nikamrudishia, maana sikutaka kuziacha ndani kwangu.

"Mbona hukula, mwanangu?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli. Alicheka hadi akashika kaunta!

"Miungu tunaivalisha maua. Hizi ni za kuuza! Zinakuja zimetungwa hivihivi."

Akafungua sanduku, nikaziona zimejaa, ugwe juu ya ugwe.

Nikajikaza, nikamweleza na shida ya tumbo langu yote, na habari ya choo cha uani. Naye akanieleza utabibu wa wazee wao. Tumboni, alisema, mna moto unaosaga chakula, na mimi ukavu na upepo vimenizidi. Tini ni tamu, inalainisha. Niloweke chache jioni, asubuhi nizile kabla ya kitu kingine, nitafune taratibu, ninywe na maji yake. Nisizifakamie, kwa kuwa ni nzito na zitauzima ule moto. Na maji ya vuguvugu ninywe mchana kutwa, aibu niiache.

Nilimsihi mume wangu aniache mpaka lori lirudi tena. Nikala huku naomba. Ndugu zangu, sikuona muujiza wa ghafla. Choo kililainika polepole, maumivu yakapungua, halafu yakaisha.

Lori liliporudi, mume wangu alinikuta nimebeba debe la maharage nampimia mteja. Akasimama akanitazama. Kisha akamwambia dereva, "Ile nafasi ya Mama Elia, pakia chumvi."

Namshukuru Mungu, na Mama Kanta namshukuru mbele yenu nyote. Wewe unayeumwa na kunyamaza kwa aibu, mtumaini Bwana, na mwambie mtu. Mimi nilisema, na bado nipo Kariakoo!