Madam Gatakaa na Mwisho wa Filamu ya Ufunguo

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuzima taa za Ukumbi wa Mukiri na kuziwasha tena, Bi. Lenah Gatakaa, mwonyeshaji filamu wetu, anastaafu leo Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025. Ratiba ya sherehe imenipa ukurasa mmoja wa kumwelezea. Bila shaka aliyeipanga ni mgeni hapa Meru, kwa hivyo nitachukua na ukurasa wa matangazo.

Madam aliajiriwa mwaka wa 1991 kama mpiga chapa. Kazi ile hakuipenda, na kwa kusema kweli ile mashine pia haikumpenda yeye. Siku hizo filamu za Jumamosi zilikuwa mikononi mwa Bw. Gikunda, ambaye alichoka na ngazi akaenda zake Timau kulima viazi. Mkuu wa ukumbi akaagiza atafutwe mwanamume wa kuchukua nafasi yake, akisema projekta ni nzito. Alipomaliza kusema, Madam alikuwa ameshaibeba projekta hadi kwenye kile chumba kidogo kilicho juu ya mlango, na huko ndiko ameishi maisha yake ya kazi. Mikanda ya makopo ilikuja ikaenda, kaseti za video zikaja zikaenda, sasa ni laptopu. Yeye hakushuka.

Nani asiyemjua huyu mama mjini? Mtandio umefungwa chini ya kidevu, miwani ya jua hata siku ya ukungu, ameketi upande kwenye boda boda mkono mmoja ukishika mtandio usipeperuke. Wauza nyanya wa soko la Gakoromone humuuliza ameshuka na ndege gani. Naye huwajibu kwa kuinamisha kichwa kidogo tu, kama alivyojifunza kwa wale wanawake wake wa kwenye kitambaa cheupe, kisha hubishana nao bei ya nyanya mpaka wanajuta.

Wanawake hao ndio mapenzi yake makubwa. Nasema waigizaji wa zamani, wa filamu zisizo na rangi. Kwa Madam filamu nzuri ina sharti moja, kwamba mwanamke awe na shida yake mwenyewe kabla mwanamume hajaingia mlangoni. Zile ambazo mke wa mtu hufa mapema ili mumewe apate sababu ya kupigana hadi mwisho, yeye huziita filamu za matanga, na hazijawahi kupandishwa ile ngazi.

Alitufundisha kutazama. Alikuwa akitueleza kwamba waigizaji wale hawakuhitaji kupiga kelele. Mmoja ataingia chumbani avue glavu polepole, kidole baada ya kidole, na wewe uliyeketi hapa Meru unajua ndoa hiyo imekwisha. Niliwahi kumwona akirudisha filamu nyuma mara kadhaa ili wanakwaya fulani waone jinsi mwanamke anavyoshuka ngazi akiwa amefilisika na hataki mtu ajue. Mimi ni mtu wa maktaba, na wa mpira kidogo, lakini siku hizi mke wangu akiweka kikombe mezani, natazama anavyokiweka.

Wasiofika ukumbini Jumamosi hawajui habari ya mablanketi, basi niwaeleze. Ukumbi huu ulijengwa kwa ajili ya harusi na mikutano, na madirisha yake ni makubwa mno kwa sinema ya saa nane mchana. Tangu mwanzo Madam aliwaambia akina mama waje na mablanketi ya kuziba mwanga. Kila kikundi kikachukua dirisha lake. Kuna dirisha la Mitunguu, kuna la Nkubu, na kuna moja la kina mama wa soko ambalo ole wako uliguse. Mwezi wa saba baridi ya hapa hukata masikio, na bado utawakuta wameketi gizani wakitetemeka huku mablanketi yao yakiota joto la dirisha. Mwaka mmoja kamati ilinunua mapazia mazuri ya buluu. Yamekunjwa stoo hadi leo, kwa sababu akina mama walisema wazi kwamba anayeziba dirisha ndiye mwenye Jumamosi.

Sasa nije kwenye ng'ombe.

Mwaka wa 1993 ililetwa filamu ya makopo matatu kutoka Embu. Ilikuwa ya mjane mwenye kiwanda kidogo cha kushona nguo. Akina mama walimpenda kuanzia kopo la kwanza, wakampa jina la hapa, Nkatha, na Madam akasimama kando ya kitambaa akimtafsiri kwa Kimeru na Kiswahili mpaka sauti ikamkauka. Mume wa Nkatha amefariki, na shemeji zake wanataka kiwanda. Mwishoni mwa kopo la pili mvua inanyesha, shemeji mkubwa amesimama nje na mkono ameunyoosha, Nkatha yuko mlangoni na ufunguo kiganjani. Anautazama ule ufunguo. Anainua macho. Kopo likaisha.

Madam akakimbia juu, akafunga kopo la tatu, akabonyeza. Wakatokea ng'ombe.

Walikuwa ng'ombe wa kweli, wakiswagwa kwenye josho la dawa, na sauti ya bwana mmoja ikisifu dawa ya kupe. Kopo hilo na letu la tatu yalikuwa yametoka rafu moja, yakasafirishwa siku moja, na yalifanana kama mayai. Jambo la ajabu ni kwamba ukumbi uliwatazama ng'ombe kwa heshima yote, kila mtu akingoja Nkatha atokee nyuma yao. Hadi leo wapo wanaoshikilia kwamba aliuza kiwanda akanunua ng'ombe wa maziwa, na tukisema ukweli, huo si mwisho mbaya.

Mtu mwingine angewaomba watu radhi na kuwarudisha nyumbani. Madam aliwasha taa, akashuka, akauliza kila mmoja angefanya nini na ule ufunguo. Kisha akasimama mama kijana kutoka Mitunguu, Gacheri kwa jina, akasema Nkatha asiutoe. Alipoulizwa kwa nini, akaeleza kwamba yeye mwenyewe ni mjane, kwamba shemeji zake wanalitaka shamba lake la migomba kule kwenye mfereji, na kwamba wamempa mpaka mwisho wa mwezi awe ameondoka. Sinema ikasahaulika hapo hapo. Walizungumza hadi magari ya kurudi Mitunguu yakaanza kupiga honi nje. Jumatatu iliyofuata Gacheri alikwenda kwa chifu akiwa na akina mama wa makanisa matatu nyuma yake, na Madam mbele yao wote na miwani yake. Shamba halikuchukuliwa. Ndizi mtakazokula leo kwa chai zimetoka huko.

Tangu siku hiyo Madam amekuwa na desturi yake. Filamu ikikaribia mwisho huisimamisha, huwasha taa, na akina mama husema wangeimalizaje. Wakishasema ndipo huonyesha mwisho wenyewe. Wageni kutoka Nairobi hukasirika sana. Watu wetu hukasirika asiposimamisha. Siwezi kuhesabu mambo yaliyowahi kusemwa katika nusu saa hiyo ya taa: mahari, karo, waume wasiorudi, mabinti wanaotaka kusoma. Madam hakuwahi kujifanya mshauri. Aliuliza tu kuhusu mwanamke wa kwenye filamu, na watu wakajibu kuhusu wao wenyewe.

Na lile kopo la tatu? Lilikuwa limepelekwa Mbeere, kwenye semina ya wafugaji. Watu waliokuja kusikia habari za kupe wakaonyeshwa mwisho wa filamu ambayo hawakujua mwanzo wake. Mmoja wao alikuwa Bw. Ngari, ofisa wa mifugo, ambaye hakusahau alichokiona. Kopo lenyewe lilipotea. Kwa miaka yote hii Bw. Ngari ndiye mtu pekee tunayemfahamu anayejua Nkatha aliufanyia nini ufunguo, na kwa miaka yote hii Madam amekataa kuambiwa. Walikutana kwenye harusi moja Siakago, kule Embu, mzee akaanza kusimulia, na Madam akaiacha sahani ya pilau na nyama yake akaondoka. Alisema mwisho wa filamu huonwa kwa macho, na kwamba hakungoja muda wote huo aje kuupokea kutoka kwa mtu anayetafuna. Sisi watu wa Embu hatujasahau kudharauliwa huko, ila tumesamehe.

Mwaka huu ulipoingia, jambo lilizuka. Mwenyekiti wetu, Bw. Kaimenyi, alipendekeza kwamba Madam akistaafu, Jumamosi zipewe mpira wa Uingereza. Sababu zake hazikuwa mbaya. Vijana wangejaa, soda zingeuzwa. Tena nani angepanda ngazi? Winfred Mukami amekuwa akijifunza kwa Madam kwa muda, na anaijua kazi vizuri, lakini kamati ilikuwa haijasema lolote juu yake. Mwenyekiti ameniruhusu kuyaandika haya, mradi niseme kwamba yeye pia aliwahi kulia kwenye filamu. Ni kweli, alilia. Niliketi karibu naye.

Jambo hilo lilimuumiza Madam, wala hakulificha. Kustaafu kwenyewe hakukumtisha, maana ameshapanda miparachichi yake Nkubu na anajua atakachokula. Alichoogopa ni kwamba Jumamosi ya kwanza bila yeye ingekuwa ya mwisho kwa akina mama, mablanketi yarudi vitandani, na ile nusu saa ya taa isipatikane tena mahali popote.

Ndipo mwezi wa sita Bw. Ngari akatokea hapa ofisini na kitu amekifunga kwa shuka. Stoo moja ya zamani ilikuwa inasafishwa Embu, na nyuma ya maboksi ya dawa za mifugo kopo la tatu likapatikana. Madam alimkaribisha chai, akamkataza kusema neno. Fundi wetu Kiogora akaifufua projekta ya zamani, akaijaribu kwa kopo la ng'ombe, ambalo tumelitunza muda wote pamoja na yale mawili ya Nkatha. Ng'ombe bado wazima.

Kamati ikafurahi, ikaamua mwisho wa filamu uonyeshwe leo, baada ya keki. Madam akakataa katakata. Akasema filamu ile ilikatikia Jumamosi na itamalizikia Jumamosi, tarehe 2 Agosti saa nane mchana, siku mbili baada ya yeye kuwa si mfanyakazi tena. Kisha akahakikisha jambo hilo limetangazwa katika kila kanisa kuanzia hapa hadi Mitunguu, na nasikia hata kwetu Kanja lilitangazwa.

Ijumaa iliyopita ikawa siku ya kukabidhi ufunguo wa chumba cha projekta. Tulikuwa watu kama kumi pale chini ya ngazi, na mvua ndogo ilikuwa imeanza. Mwenyekiti akasimama nje ya mlango, akanyoosha mkono. Madam alikuwa mlangoni na ufunguo kiganjani. Akautazama. Akainua macho. Sijui kama alikusudia au mwili wenyewe ulikumbuka, lakini Kiogora aliniminya mkono mpaka ukauma.

Madam akauliza kwa upole ni nani atakayefungua hapa Jumamosi. Mwenyekiti akasema suala hilo litajadiliwa. Madam akaurudisha ufunguo kwenye mkoba, akasema basi naye atajadili, akaita boda boda.

Wikendi hiyo simu ya mwenyekiti haikupumzika. Kina mama wa Nkubu walipiga, wa soko wakaja wenyewe. Gacheri, ambaye sasa ni nyanya wa wajukuu wengi, alipiga kutoka Mitunguu kuuliza kama ni kweli kuna shemeji anayetaka ufunguo. Jumatatu kamati ilikaa muda mfupi kuliko kikao chochote ninachokumbuka. Jumamosi zimebaki za akina mama, mpira umepewa Jumapili alasiri baada ya ibada, na Winfred ameajiriwa. Madam alirudi akafungua mkoba, akampita mwenyekiti bila kumtazama, akauweka ufunguo mkononi mwa Winfred na kuvikunja vile vidole yeye mwenyewe. Winfred alilia. Madam alivaa miwani, kwa hivyo hatujui.

Madam wetu, tunakushukuru kwa kila taa uliyozima na kila taa uliyowasha. Umetuonyesha wanawake waliojaza kitambaa chote cheupe, na kwa sababu yao tumewaona vizuri zaidi wale walioketi karibu nasi. Tutakukosa, tena sana, na sioni haya kuliandika.

Zawadi yetu umeshaiona mezani, imefungwa kwa karatasi ya dhahabu, na najua umeshaibonyeza ukashangaa ulaini wake. Ni blanketi. Miaka yote hii ulikaa juu kule na hukuwahi kuwa na dirisha. Akina mama wamekaa wakakubaliana kwamba lile la karibu na mlango ni lako. Uwe na siku njema nyingi mbele yako, Madam, na uje keshokutwa mapema uzibe mwanga wako, uketi chini pamoja nasi. Winfred amesema akifika pale kwenye ufunguo ataisimamisha, atawasha taa, na atakayeulizwa wa kwanza ni wewe.

Njoka, wa Maktaba
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ukumbi wa Mukiri