Jasusi Asiyefagia Ngazi

Kwenye tramu ya kwenda Degerloch, mama aliyeketi mbele yangu alikifunga kitabu chake kwa kishindo. "Upuuzi mtupu! Jasusi mstaafu katoroka, kajificha ghorofani hapa hapa Stuttgart mwaka mzima, na hakuna jirani aliyemgongea! Nani alikuwa anamfagilia ngazi?" Stuttgart wapangaji hupokezana kufagia ngazi kila wiki, na mwenye zamu hutundikiwa kibao mlangoni.

Mzee mwenye mkongojo, aliyekaa kando yake bila kujuana naye, alicheka. "Labda alimlipa mtu, mama."

"Amlipe nani? Kibao cha zamu kining'inie mlangoni kwake na ngazi zina vumbi? Majirani wangemkamata kabla wapelelezi hawajavaa viatu!"

Nilitikisa kichwa kukubali, ingawa hakuna aliyeniuliza. Mimi niligongewa kwa sababu ya jani moja nililolisahau ngazini.

"Hapo umesema kweli," mzee alijibu. "Msimu wa baridi nilianguka bafuni, nyonga ikavunjika, nikaita mpaka sauti ikakauka. Bi Pfleiderer wa ghorofa ya chini akaja kunigombeza kwamba sijafagia. Akagonga, akafoka, akagonga tena. Halafu akatega sikio mlangoni, akaita wazima moto wavunje mlango."

"Mungu ambariki!"

"Amina. Na zamu zangu zote kafagia yeye, huku akifoka."

"Umeona? Kitabu ni kibovu!"

"Kibovu wapi, ni hadithi tu." Tramu ilisimama, mzee akainuka. "Kama hukitaki nipe nimpelekee Bi Pfleiderer, mama. Naye apate mwingine asiyefagia wa kumfokea."