Mzee Kinyume Anaiacha Rafu ya Filamu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba kazini, mkuu wa kitengo cha filamu katika maktaba yetu anastaafu. Neno "mkuu" ni la heshima tu, maana kitengo chenyewe ni yeye peke yake, rafu za diski, deki moja ya kujaribia na stuli inayoyumba. Mimi wa dawati la magazeti, jirani yake wa miaka yote hiyo, nimeombwa na jarida letu niandike wasifu mchangamfu. Nitajitahidi, ila nisimdanganye mtu: kuondoka kwake kunaniuma.

Tuanze na jina. Alipoajiriwa aliambiwa azipange filamu, naye akazipanga zote kinyume, migongo ikitazama watu na sura zikitazama ukuta. Mkutubi mkuu wa wakati huo alidhani ni ukorofi. Mwenzetu akaeleza, kwa adabu zote, kwamba picha ya kava ni kama picha ya posa, kila mtu amejipodoa, na kwamba nyuma angalau pana maelezo ya kusoma. Amri ya kuzigeuza ikatolewa, ikatolewa tena, mwisho ikachoka yenyewe. Jina la Mzee Kinyume likamganda, ingawa siku hizo hata mvi moja hakuwa nayo.

Waliozoea kuazima kwake wanalijua swali lake. Hakukuuliza unapenda filamu gani. Alikuuliza nyumbani yuko nani: wangapi, wa umri gani, nani amenuna, nani mgeni, nani anashika rimoti. Wapo waliolalamika kwamba wamekuja kuazima filamu, hawakuja kumwona daktari. Lakini walijibu. Kuna bibi harusi aliyetembelewa na mama mkwe kwa wiki nzima. Akachaguliwa filamu ambayo mtu na mkwewe wanaweza kuitazama mpaka mwisho bila mmoja wao kukumbuka ghafla kwamba ana kiu na kukimbilia jikoni. Kuna dereva wa lori aliyekuwa hataki kitu ila ngumi. Aliposema nyumbani yuko peke yake kwa kuwa mkewe amerudi kwao, alipewa hadithi ya mapenzi. Aliinung'unikia mpaka mlangoni, kisha akakaa nayo siku kadhaa kupita muda wake, akisingizia deki mbovu.

Sasa nieleze swali hilo lilikotoka, maana wengi mmelikuta tayari.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha letu, palikuwa na fundi cherehani. Huyu na Mzee Kinyume walikuwa chanda na pete. Fundi alimshonea suruali zote, naye kila Jumamosi akaja kuchukua filamu ya kutazama na mkewe na binti zao watatu. Jumatatu aliirudisha pamoja na hukumu, na hukumu hizo zilikuwa ndefu kuliko filamu. Kisha mkewe akafariki, na kwa majuma kadhaa hatukumwona. Aliporudi aliomba kitu kimoja tu: filamu ya kuchekesha, ili watoto wacheke, kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno.

Mzee Kinyume alichomoa moja papo hapo. Aliikumbuka kwa vicheko vyake, na kweli inachekesha. Alichosahau ni kwamba inaanza makaburini, mama anazikwa, na watoto wake wamesimama wanatazama.

Jumatatu fundi aliiweka diski mezani. Nilikuwa pale nikipanga magazeti, nikamsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulijua nyumbani kwangu yuko nani." Akatoka. Hakuingia tena.

Tangu siku hiyo swali likawa sheria. Tena hakuazimisha filamu bila kuitazama upya kuanzia mwanzo, hata ile aliyoijua kwa moyo. Wageni kazini walimwona mtu mwenye mbwembwe. Walimcheka pia kwa suruali zake, ambazo sasa alizishonesha mbali, kwa fundi asiyejua kupima, mguu mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake. Aliona haya kuvuka barabara. Kila mwaka aliniambia atakwenda kuomba radhi akishamaliza kuhesabu diski, na kila mwaka diski zikahesabiwa. Wakati mwingine macho yao yalikutana dirishani, wakapungiana mikono kama watu wanaofahamiana kwa mbali. Binti za fundi walikuja kuazima vitabu vya shule, wakapita mbele ya rafu zake wakitazama chini. Naye aliwafuata kwa macho mpaka mlangoni. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba anajitesa bure, akanijibu kwamba makosa mengine hayana pa kuanzia kuyaombea radhi.

Halafu duka la cherehani likafungwa. Akaingia muuza makava ya simu, nasi tukajua kwa kuchungulia dirishani.

Mwezi uliopita binti mkubwa wa fundi, sasa muuguzi, alisimama mbele ya meza ya Mzee Kinyume. Mzee alishindwa hata kuuliza. Binti akajibu bila kuulizwa: nyumbani yuko baba, kifua kinamsumbua, hakai tena kwenye cherehani, na anataka filamu. Amesema achague Mzee Kinyume.

Mtu niliyemwona akimchagulia mteja huku anajibu simu, siku hiyo alimaliza asubuhi nzima. Alitoa, akarudisha, akatia kwenye deki, akatazama mwanzo, akazima. Mwishowe akachukua mbili, akageuza kibao cha "Imefungwa" mchana kweupe, akaondoka na yule binti. Kote alikokuwa akipeleka vicheko, hiyo ndiyo mara ya kwanza kwenda kukaa na watazamaji wake.

Binti ametusimulia kwamba walikaa kwenye kochi moja, filamu ikaanza. Baadaye fundi akasema kwamba hasira ilimkaa mwaka mmoja tu. Miaka iliyobaki hakujua aingie maktaba na maneno gani. Mzee Kinyume akasema na yeye ni vivyo hivyo. Basi wakacheka, sijui kwa filamu au kwa ujinga wao. Walipofika katikati fundi akachoka. Akaomba waiachie hapo, wamalizie Mzee akipata nafasi ya kutoka kazini.

Nafasi yenyewe hajaipata. Sisi ndio tumemshika, kila alasiri, kwa makabidhiano ya diski zinazohamishiwa stoo, kwa kuwa siku hizi watu wanachagua kwenye simu. Simu haiulizi nyumbani yuko nani, lakini hilo halikumsumbua aliyeamua. Wakati huohuo binti anasema baba yake amekonda sana wiki hizi mbili, na alasiri ndiyo saa pekee anayoweza kukaa.

Mzee wetu, asante kwa kila jioni uliyotuchagulia, na kwa nyumba nyingi zilizocheka bila kujua nani kazichekesha. Tunakutakia ustaafu wenye afya na utulivu. Sherehe yako ni Ijumaa saa tisa alasiri, na hotuba zimepangwa nane, pamoja na ya kwangu. Nimezungumza na wenzangu wote nao wamekubali: zitasomwa, lakini si lazima uwepo. Fundi anakusubiri. Nenda mkamalize filamu yenu.