Kilima Alichotukataza Kukipanda: Wasifu wa Bi Fumua

Ndugu, majirani na wateja mliofika,

Familia imeniomba nisome wasifu wa dada yetu kwa utulivu. Nitajaribu, ingawa kila aliyemjua marehemu anaelewa kwamba ombi hilo si dogo. Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba, na nimefanya naye kazi chumba kimoja kwa miaka ishirini na sita. Sauti yangu ikipanda kidogo hapa na pale, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha ngozi alichokuwa akikilinda baba yetu. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Mama alizoea kusimulia kwamba dada alikawia kuzaliwa mpaka mkunga akaenda kwake kunywa chai, akarudi, akamkuta bado anajishauri. Sisi tuliofuata tulimkuta ameshajitawaza. Ukikunja shuka lako, alikuja nyuma yako akalikunja upya. Hakugomba wala hakununa. Alikunja tu, wewe umesimama unamtazama. Ilikuwa inauma kuliko kofi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 na kumaliza darasa la saba mwaka 1972. Kisha alijiunga na chuo cha ufundi cha wasichana, upande wa ushonaji. Mtihani wa mwisho ulikuwa kushona blauzi. Kengele ilipolia, wenzake wakakabidhi blauzi. Yeye akakabidhi vipande vya blauzi vilivyokatwa vizuri sana, na nyuzi ndani ya kifuko, kwa sababu alikuwa ameifumua kwa mara ya tatu. Mwalimu akampa sifuri. Baba alipomuuliza kulikoni, alijibu, "Kola ilikaa upande, baba. Ningempa kitu kama kile angeniona mtu wa namna gani?" Ilibidi arudie mwaka mzima, na karo ikalipwa tena na baba huyo huyo. Blauzi aliyoshona mara ya pili mama aliivaa mpaka kitambaa kikachanika begani, lakini mishono ilikuwa bado imeshika.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika duka la kurekebisha viatu na mikoba, na huko ndiko alikoiacha nguo akahamia kwenye ngozi. Alikuwa akisema kitambaa kinasamehe, ila ngozi ukishaitoboa umeitoboa. Mwaka wa tatu wa kazi hiyo aliingia dukani fundi umeme mmoja mrefu, ameshika begi la vifaa lililokatika mkanda. Lilikatika akiwa juu ya ngazi. Koleo, bisibisi na nyundo vyote vilimwagika barabarani, na nyundo ilibaki kidogo tu impate mwanamke aliyekuwa akipita na mtoto mgongoni. Begi lile lilikuwa limeshonwa na marehemu.

Hapa lazima nieleze jambo la ufundi, maana bila hilo hamtaelewa maisha ya dada yangu, wala kwa nini alininyima usingizi. Pale mkanda unapokutana na begi, ngozi huwa tabaka nne, wakati kwingine kote ni mbili. Sisi mahali hapo tunapaita kilima. Mguu wa cherehani ukifika kilimani unainua pua, kisigino kinabaki chini, ngozi inakwama, na mishono inarundikana midogo midogo. Ukishuka upande wa pili, mguu unadondoka na mshono unaruka mrefu. Pale mishono iliporundikana matundu ya sindano yamesongamana, na siku ya mzigo mzito ngozi inachanika kwa kufuata matundu hayo.

Dada aliligeuza lile begi, akapaona mahali penyewe. Akamwambia yule mteja aliyekuja amekunja uso, "Ni mimi niliyeharibu. Kaa hapo." Jamaa akakaa. Akashona, akafumua, akashona, akafumua, mpaka duka likafungwa. Kesho yake jamaa akarudi. Keshokutwa akarudi tena, ingawa begi lilikuwa limekamilika tangu jana yake. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980 na kujaliwa watoto watatu. Shemeji yangu yupo hapa mbele, na begi hilo analo mpaka leo. Alikuja kulalamika, akaishia kuoa, na tangu siku hiyo sijamsikia akilalamika tena. Kazi hiyo nadhani aliniachia mimi.

Mwaka 1986 marehemu alifungua karakana yake katika chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye dirisha la barabarani na cherehani nzito nyeusi ambayo ilihitaji watu wanne kuiingiza mlangoni. Mimi nilijiunga naye mwaka 1998. Utaratibu wake ulikuwa hivi: sisi tulishona sehemu tambarare tu. Tukikaribia kilima tunasimama na kumwita. Anaacha alichokuwa akifanya, anafuta mikono, anakaa kwenye kiti ambacho wewe umekipasha joto, anapita kilima, anakurudishia kazi. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kupita kilima hata kimoja. Nilikuwa mtu mzima, baba wa watoto, na bado naita dada aje anisaidie kushona inchi tatu.

Si kwamba alificha. Nilimwona kwa macho yangu. Alisimamisha sindano ikiwa ndani ya ngozi, akainua mguu wa cherehani, akachomeka kipande cha ngozi nyuma yake ili mguu usimame sawa, akauteremsha, kisha akazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu. Kipande hicho alikiita kisigino. Nami nilijaribu hivyo hivyo kwenye mabaki, na mishono yangu ikaendelea kurundikana. Nikamuuliza, "Nakosea wapi, dada?" Akanijibu, "Kwenye kushona."

Halafu visigino vyenyewe. Vilikuwa kila mahali nyumbani: kwenye kopo la sukari, kwenye kisahani cha sabuni, katika mifuko ya shati la shemeji. Siku ya kuja wakwe wa binti yake mkubwa, alifungua mkoba atoe kitambaa, visigino vikaanguka miguuni mwa wageni. Kila Jumamosi nilivifagia na kuvitupa, na kila Jumamosi aliinama kwenye pipa la takataka akavitoa. Niliona ni kichwa kigumu tu. Jina la Bi Fumua, ambalo wengi wenu mlidhani ni la ukoo, alipewa na fundi saa wa chumba cha pili, ambaye alilisikia neno hilo likipita ukutani tangu asubuhi mpaka jioni. Nami ndiye niliyekuwa naambiwa.

Marehemu alianza kuumwa tumbo mwezi Oktoba 2023, na Januari alifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe. Alipoweza kukaa, jambo la kwanza alilouliza ni nani aliyemshona, maana pembeni pale mishono imebanana. Daktari alicheka. Sisi tuliomjua hatukucheka, kwa sababu alikuwa hafanyi mzaha. Mwezi Machi alirudishwa nyumbani, na tukaambiwa kwa upole kwamba hospitali haina zaidi.

Wakati huo ukutani kulikuwa na mabegi thelathini ya mafundi umeme, yameshonwa kote isipokuwa vilimani, yakimsubiri mtu ambaye hawezi tena kukanyaga cherehani. Mwenye mali alikuwa akipiga simu kila siku. Ndipo dada akamwambia mumewe, nami nimesimama palepale na glasi yake ya maji, "Mimi nikiondoka, cherehani uiuze. Yule fundi wa viti vya magari anaitaka. Sitaki mtu aanguke na begi lililotoka kwenye chumba changu."

Niliumia, na sitalizunguka hilo. Sikuwa na kazi nyingine wala chumba kingine, na umri wa kwenda kuomba kiti kwa watu ulikuwa umenipita. Nikapiga moyo konde, nikachukua begi moja, nikapita kilima bila ruhusa, nikampelekea kitandani. Hakuliangalia. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono, polepole, kama alivyozoea. Ukafika kilimani ukasimama. "Fumua," akasema.

Nikafumua. Nikarudi. Akasema fumua. Mara ya tatu aliuliza, "Kisigino umekikata wapi?" Nikamwambia, kwenye soli ya kiatu cha zamani. Alifumba macho, akashusha pumzi ya mtu aliyechoshwa na dunia, akasema, "Fumua." Maneno niliyoyasema uani siwezi kuyarudia mbele ya wazee.

Jioni ile nilikwenda jikoni kumtengenezea chai. Nikatia kijiko kwenye kopo la sukari, kikaibua kisigino. Nilitaka kukitupa kama kawaida yangu, nikakitazama. Kilikuwa ngozi ya kahawia, ile ile ya yale mabegi, tabaka mbili zimegundishwa, unene wake sawasawa na urefu wa kilima. Nikaenda kwenye kisahani cha sabuni, nikatoa kingine: ngozi nyeusi nyembamba, ya mikoba ya mwaka uliopita. Kumbe kila kazi ilikuwa na kisigino chake, kilichokatwa kwenye ngozi yake yenyewe. Soli yangu ilikuwa ngumu na nene, ikaunyanyua mguu kupita kiasi. Miaka ishirini na sita, ndugu zangu, na sentensi moja ingetosha.

Nilimpelekea begi la nne kesho yake. Ukucha ukatembea kwenye mshono, ukaenda mpaka mwisho wa mkanda. Akaurudisha, akapita tena. "Kilima kiko wapi?" akauliza.

"Umeshakipita, dada."

 Akaligeuza begi ndani nje, akaligusagusa, akasema, "Huu uzi mwishoni umeuchoma moto vibaya." Nikangoja. Nilikuwa na haki ya kungoja. Akalisukuma begi kando, akasema, "Lete mengine." Yote thelathini yalipita chini ya ukucha ule, na mawili aliyarudisha.

Marehemu alifariki nyumbani siku ya Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024, saa kumi jioni, mumewe akiwa amemshika mkono. Mabegi yalikuwa yameondoka wiki moja kabla. Kuhusu cherehani hakuniambia neno, nami niliogopa kuuliza.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake watatu, fundi saa ambaye sasa atasikia saa zake, na mafundi umeme wengi waliopo juu ya ngazi hivi sasa bila wasiwasi.

Kuna tangazo moja, ambalo shemeji kanipa asubuhi hii, tukiwa tayari tumevaa. Yule fundi wa viti vya magari, namwona amekaa kule nyuma: ulipigiwa simu siku moja kabla ya msiba, hukupokea. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza upigiwe. Cherehani haiuzwi, ina mtu. Ndivyo alivyosema, ina mtu. Aliwaambia mumewe, binti zake na mwanawe, na mimi niliyekuwa chumba cha mbele nikishona hakuniambia.

Pumzika, dada. Pumzika kwa amani, na huko uliko ukikuta mshono umekaa vibaya, waachie wenyewe.