Mwalimu Torika Naulumosi, Aliyeufunga Mwamba wa Vunidilo

Waheshimiwa wachungaji, mkuu wetu wa Vunidilo na wazee mlioketi kwenye mikeka ya mbele, ndugu wa Ra mliovuka bahari na tabua, jino la nyangumi la heshima, mkononi, watani wetu wa ng'ambo ya ghuba ambao kelele zenu zilitangulia boti yenu, nanyi nyote mliokuja kutushika mkono, familia imemtuma Apisai, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya dada yake. Anajua mnachonong'ona, kwamba tangu lini kaka akamtaja dada yake kwa jina mbele za watu, basi mvumilieni, kwa leo wazee wamempa ruhusa.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 22 Agosti 1953, hapa hapa Vunidilo, kisiwani Kadavu, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa hayati Josefa na hayati Akeneta, wa ukoo wa wavuvi, ukoo ambao tangu enzi za mababu kazi yake ni kuleta samaki kwenye kila karamu ya kijiji, iwe ya harusi, iwe ya msiba, na ambao haujawahi kufika kwenye karamu mikono mitupu. Yeye ndiye aliyemfundisha Apisai kupiga mbizi na kumwonyesha pono anapolala, mpaka mwaka 1969, Apisai alipotimiza miaka kumi na mitatu, na kama desturi yetu inavyotaka kaka na dada wakaacha kusemezana, neno la mmoja likimfikia mwenzake kwa mdomo wa mtu wa tatu, na ikawa hivyo kwa miaka hamsini na sita.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1960 hadi 1967, kisha sekondari mjini Suva hadi 1972, na mwaka 1974 akamaliza chuo cha ualimu, akapangiwa kufundisha Ra kuanzia Januari 1975. Mwaka 1984 alihamishiwa shule yetu, alikofundisha hadi alipostaafu kwa hiari Desemba 1995, na wengi mliopo hapa mmepitia mikononi mwake, mnakumbuka mtoto akichelewa alivyokuwa akiulizwa, "Umepitia wapi, Australia?"

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa huko Ra na hayati Emosi, fundi wa injini za boti, wakajaliwa watoto watatu, Laisani, Sakiusa na Kelera, na wajukuu tisa. Emosi alipokubali kumfuata mkewe hapa Vunidilo, watani wetu hawakumwacha apumue, kila akipita walimwimbia kwamba fundi kaolewa, naye akawajibu, "Nimeolewa ndiyo, na napikiwa vizuri, ninyi mliooa mbona mmekonda?" Shemeji yetu alitutoka tarehe 11 Mei 2011, na marehemu hakuacha kumtengea sahani yake siku za Jumapili.

Tarehe 9 Machi 1996, yeye na wifi yake Unaisi, mke wa Apisai, walianzisha Umoja wa Pwani Hai, watu saba jikoni kwa Unaisi, na birika moja la chai ya majani ya ndimu. Marehemu akawa mwenyekiti na Unaisi makamu, kwa hiyo Apisai alikuwa na kiongozi nje na kiongozi mwingine ndani, na hajawahi kushinda kura hata moja. Umoja huo ndio uliowatoa nguruwe wetu kijitoni na kuwajengea mazizi, ukapanda mikoko kuanzia kivukoni hadi makaburini, ukaweka utaratibu kwamba shamba la mjane hulimwa kabla ya la mkuu, na ukaufunga mwamba wa mashariki kwa vigingi vinne na makuti, mtu asitie ndoano, asitie wavu, asichukue hata kome.

Sasa tunafika mahali ambapo Apisai angependa karatasi hii iishie. Mwezi Agosti 2001 kanisa letu lilipokea wageni wa mkutano mkuu, na Umoja ukakubali mwamba ufunguliwe siku mbili, tarehe 24 na 25, ili wageni wale vizuri, na samaki waliopatikana hakuna aliyewahi kuona mfano wake, chewa wa kubebwa na watu wawili, changu, kolekole, wageni wakala wakafungasha. Mwezi uliofuata marehemu alizamia mashariki akaona kwamba kilichokua kwa miaka mitano kilikuwa kimekwisha kwa siku mbili. Jumapili akasimama kanisani akasema, "Kosa ni langu, mimi ndiye niliyetia sahihi," watu wakamsema mwaka mzima, na wengine mpo hapa.

Ndugu waombolezaji, kosa halikuwa lake. Jioni ya tarehe 24, Apisai, akiwa mkuu wa wavuvi, alihesabu mafungu ufukoni akajua kwamba samaki wanatosha karamu yote na kubaki, na mkewe akamwuliza, "Nimwambie wifi tufunge?" naye akajibu, "Acha, wageni waone ukoo wetu ni nani." Nyavu zikarudi majini asubuhi kwa sababu ya maringo yake. Alimkanya Unaisi asiseme, na marehemu alipobeba lawama ile mbele ya kanisa, yeye alikuwa amekaa safu ya tatu, anatazama viatu vyake. Alijificha nyuma ya desturi, kwamba kaka hasemi na dada, na anaona haya kulisoma hili leo kuliko alivyowahi kuona haya maishani mwake.

Januari 2002 marehemu aliufunga mwamba upya kwa mikono yake, na haujafunguliwa tena mpaka leo, na chewa wamerudi.

Mwaka 2014 aligunduliwa kuwa na kisukari, na mwaka 2023 figo zikaanza kushindwa kazi, akatibiwa Suva hadi Februari mwaka huu, alipoomba kurudishwa nyumbani. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, Apisai alikuwa amekaa barazani kwa dada yake kama kawaida, ukuta katikati, akingoja Unaisi amletee habari za mgonjwa, mara akasikia sauti ya dada yake mwenyewe ikimwita kutoka ndani.

"Apisai, siku yangu ya mia baada ya kuzikwa, mtakula nini?"

Unaisi akasema, "Wifi, niambie mimi, nimfikishie."

"Wewe umefikisha ya kutosha, mama, pumzika. Apisai, najua desturi, akifa mtu mwamba hukaa umefungwa siku mia kwa heshima yake, halafu mtaufungua mnilie karamu. Nakuomba usiufungue. Wape watu samaki wa dukani, wa mkebe."

Samaki wa mkebe, kwenye msiba wa nyumba ya wavuvi! Apisai aliinuka akaenda zake bila kujibu, akijiambia kwamba ni desturi, na hakupata tena nafasi ya kujibu. Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa moja na dakika kumi asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Unaisi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Suva, muuguzi wa zahanati yetu aliyekuja kila siku hata mvua ikinyesha, walimu wenzake, majirani waliosuka mikeka na kupika kwa siku nne hizi, wanachama wa Umoja, na watani, ambao jana walilala ndani ya kaburi wakidai ni lao mpaka tukawapa nguruwe.

Siku ya mia, tukihesabu tangu mazishi haya ya leo, itakuwa Jumatatu tarehe 15 Septemba, nanyi nyote mnaalikwa. Kutakuwa na magimbi, mihogo, nguruwe, na samaki wa mkebe, ambao Apisai mwenyewe, mkuu wa wavuvi, atawafungua mbele yenu, na watani tayari wamecheka, basi wacheke hadi Septemba. Asubuhi ya siku hiyo atakwenda mwamba wa mashariki na vigingi vinne vipya.

Dada Torika, uliniuliza nikanyamaza. Hilo ndilo jibu langu, na lile kosa ulilonibebea ni langu, nirudishie. Pumzika kwa amani, mwamba umefungwa.