Mgongo wa Fundi Cherehani

Basi la kuokota walioshindwa kumaliza mbio za baiskeli za wanawake lilikuwa na abiria wawili tu, fundi cherehani na muuguzi. Dereva alitega sikio.

"Umejificha nyuma ya mgongo wangu tangu tuanze," fundi cherehani alilalama. "Upepo wote nimeukata mimi, halafu mlimani ukanipita bila hata salamu."

"Mgongo wenyewe mpana, dada, ningeuachaje?" muuguzi alijibu. "Na nilipoishiwa pumzi, si ulicheka?"

"Nilicheka mpaka nikaingia mtaroni."

Dereva alijiuma midomo asicheke. Basi likasimama mwisho wa mbio, palipojaa ndugu na majirani. Muuguzi akasogea kando ya mlango. "Tangulia, dada."

Fundi, aliyekuwa ameshainuka, akaketi tena. "Upepo nimeshakukinga. Aibu jikinge mwenyewe."